Ruhusa Mahali Pawili: Seva ya Mafaili na Printa juu ya Unix

Katika ofisi nyingi kompyuta zilizo juu ya meza hutumia Windows, ilhali mashine iliyofungiwa chumba cha nyuma, ile inayotakiwa kukaa macho usiku na mchana, huendeshwa na mfumo wa jamii ya Unix, yaani mfumo endeshi ulioasisiwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ambao leo unajulikana zaidi kupitia jamaa zake kama Linux na FreeBSD. Kati ya mashine za aina hizo mbili ndipo linapozuka swali la mazungumzo haya: mhasibu anayefanya kazi katika Windows atalifunguaje na kulihifadhi faili lililoko kwenye diski ya Unix, na barua aliyoiandika itaifikiaje printa moja inayotumiwa na ofisi nzima, bila mtu kupita meza kwa meza na flashi mkononi, flashi ambayo mara nyingi hubeba virusi pamoja na barua? Jibu ni seva, yaani kompyuta inayongoja maombi ya kompyuta nyingine na kuyatimiza, na programu mbili zilizoifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwenye Unix ni Samba kwa upande wa mafaili na CUPS kwa upande wa printa. Kuzisakinisha ni kazi ya dakika chache. Kinachokula siku, na kinachoharibika fundi akishaondoka, ni uamuzi wa nani asome nini, nani aandike wapi na nani afute, kwa kuwa uamuzi huo huandikwa mahali pawili tofauti na wengi hukumbuka mahali pamoja tu.

Kompyuta za Windows huombana mafaili na printa kwa kutumia SMB. Hiyo ni itifaki, yaani makubaliano ya namna ujumbe unavyopangwa, nani aanze kusema na mwenzake ajibu nini, na chimbuko lake ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya Microsoft kuichukua, kuipanua na kuifanya sehemu ya mifumo yake. Unix haikuwa na haja ya kuijua, kwani ilikuwa na njia zake, hasa NFS ya kampuni ya Sun Microsystems iliyotoka mwaka 1984, ambayo hadi leo inafaa pale mashine zote zinapokuwa za Unix. Aliyeziunganisha pande hizo mbili ni Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, ambaye kati ya mwishoni mwa mwaka 1991 na mwanzoni mwa 1992 alitaka kompyuta yake ya DOS ifungue diski ya mashine ya Unix, na kwa kuwa hakuwa na maelezo ya itifaki iliyohusika, aliandika programu ya kunasa ujumbe unaopita kwenye waya, akausoma, akaiga majibu yake, bila kujua wakati huo kwamba alichokuwa akikichunguza ndicho kilichotumiwa na Microsoft pia. Jina la awali la programu yake lilipogongana na jina la biashara la kampuni nyingine, aliiagiza kompyuta itafute katika orodha ya maneno yale yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo, na samba likawa mojawapo. Ngoma ya Brazili haihusiki zaidi ya hapo.

Kujifunza itifaki kwa kutega sikio kulichosha, na kila toleo jipya la Windows lilimaanisha kutega upya. Hali ilibadilika kwa njia ya sheria zaidi kuliko ya ufundi. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliiamuru Microsoft iwape washindani maelezo ya itifaki zake, mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikauthibitisha uamuzi huo Septemba 2007, na Desemba ya mwaka huo huo wasanidi wa Samba wakayapata maelezo hayo kwa malipo ya euro 10,000 yaliyofanywa mara moja. Toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2012, liliweza hata kuchukua nafasi ya seva ya Windows inayotunza daftari kuu la watumiaji wa shirika zima, ingawa ofisi ndogo haihitaji kufika huko, na fundi anayeanza kwa daftari hilo ilhali ofisi ina watu kumi na wawili amejitafutia kazi asiyolipwa.

Mashine yenyewe si lazima iwe ya fahari. Kompyuta ya kawaida yenye diski nzuri, anwani ya mtandao isiyobadilika na UPS ya kuikinga umeme unapokatika ghafla inatosha kuhudumia ofisi ya kadiri. Jambo moja hupuuzwa sana: mafaili ya pamoja yawekwe kwenye sehemu ya diski iliyotengwa, mbali na sehemu inayobeba mfumo wenyewe, kwa sababu watumiaji hawana kiasi katika kuhifadhi video za harusi, na siku sehemu ya mfumo itakapojaa pomoni hata foleni ya printa itasimama na kumbukumbu za matukio zitaacha kuandikwa. Samba ikishasakinishwa, mipangilio yake yote hukaa katika faili moja la maandishi liitwalo smb.conf, ambalo limegawanywa katika sehemu zenye vichwa vilivyozungushiwa mabano ya mraba: ya kwanza huhusu seva nzima, na kila moja ya zinazofuata hueleza folda moja inayoshirikiwa, iko wapi kwenye diski, nani anaruhusiwa kuifungua, na kama kuandika ndani yake kunakubaliwa. Vipo vichwa viwili vyenye maana maalumu. Kimoja, homes, humpa kila mtumiaji folda yake binafsi bila folda hizo kutajwa moja moja, na kingine, printers, huzitangaza printa zote zinazojulikana na mashine. Baada ya kuandika, amri ya testparm hulisoma faili hilo na kuonyesha makosa, lakini ieleweke kwamba amri hiyo hukamata tahajia na wala haikamati nia: ukiifungua folda ya mishahara kwa ofisi nzima huku tahajia ikiwa safi, testparm itaridhika kabisa.

Kompyuta ya Windows huifikia folda kwa kuandikiwa mikwaju miwili iliyolalia nyuma, jina au anwani ya seva, mkwaju mwingine na jina la folda. Wapo wanaongoja seva ijitokeze yenyewe kwenye orodha ya mtandao, nayo isipotokea hudhani imekufa. Orodha ile ilitegemea utaratibu wa zamani ambao Windows za sasa zimeuacha, kwa hiyo kutoonekana hakumaanishi kutofikika, na njia ya mkato iliyowekwa mara moja juu ya dawati la kila kompyuta humaliza mjadala.

Kizuizi cha kwanza anachokutana nacho msimamizi mgeni ni nenosiri. Amekwisha kumsajili mtumiaji katika Unix, nenosiri linakubaliwa akiketi mbele ya seva, lakini akijaribu kutoka Windows anakataliwa. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa utulivu, maana wengi huizunguka kwa kufungua folda kwa kila mtu. Unix haihifadhi nenosiri lenyewe. Huhifadhi alama inayopatikana kwa kulisaga nenosiri kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, na mtu anapoingia, nenosiri aliloliandika husagwa vivyo hivyo ili alama mbili zilinganishwe. Windows nayo hufanya hivyo, ila kwa hesabu tofauti, na tena haitumi nenosiri kwenye waya, bali seva huipelekea namba ya kubahatisha nayo hujibu kwa matokeo yanayotegemea namba hiyo na alama yake. Ili ihakikishe jibu, seva lazima iwe na alama ya aina ya Windows, na kwa kuwa alama ya Unix haiwezi kugeuzwa kuwa nenosiri na kusagwa upya, Samba hutunza daftari lake la pili. Ndiyo maana kila mtumiaji husajiliwa mara mbili, kwanza katika Unix na kisha katika Samba kwa amri ya smbpasswd, na ndiyo maana pia anayebadilisha nenosiri upande mmoja bila mpango wa kuyaoanisha hujikuta na manenosiri mawili.

Baada ya nenosiri hufuata ruhusa, na hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Ombi la kufungua faili hupita mbele ya mabawabu wawili wasioulizana: Samba hutazama smb.conf, kisha Unix hutazama ruhusa zilizoandikwa kwenye diski, na anayekataa ndiye anayeshinda. Kuandika katika smb.conf kwamba folda inaandikika hakumpi mtumiaji kitu ikiwa diski inamkatalia, na hakuna ujumbe utakaomweleza ni upande upi uliomzuia, kwani Windows itasema tu kwamba hana ruhusa. Ruhusa za Unix hugawa walimwengu katika mafungu matatu, yaani mwenye faili, kundi lake na wengine wote, na kila fungu hupewa tarakimu inayojumlisha 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza, ambayo kwa folda humaanisha kuingia ndani. Folda yenye 770 basi iko wazi kabisa kwa mwenyewe na kwa kundi lake, na imefungwa kwa wengine.

Tuseme ofisi ina wahasibu watatu wanaoshiriki folda iitwayo hesabu. Msimamizi makini huunda kundi la Unix liitwalo wahasibu, huwaingiza wote watatu, hulifanya kundi hilo kuwa mmiliki wa folda na kuipa ruhusa ya 770. Asubuhi ya kwanza kazi inakwenda vizuri. Mhasibu wa kwanza anaunda jedwali la malipo, wa pili analifungua, anarekebisha tarakimu, anabofya kuhifadhi, na anaambiwa faili ni la kusomwa tu. Kosa haliko kwenye folda bali kwenye faili lililozaliwa ndani yake, kwa kuwa faili jipya katika Linux huchukua kundi la msingi la aliyeliunda, ambalo huenda likawa kundi lake binafsi, na zaidi ya hapo Samba isipoelekezwa vingine huliwekea faili jipya ukomo wa 744, ambao unamwachia mwenyewe kuandika na kuwanyima wenzake. Tiba ni ya pande mbili, kama ulivyo ugonjwa. Upande wa diski, tarakimu 2 huongezwa mbele ya 770 ili iwe 2770, na maana yake ni kwamba kila kitakachozaliwa ndani ya folda hiyo kirithi kundi la folda badala ya kundi la mtu. Upande wa smb.conf, ukomo wa mafaili mapya hufanywa 0660 na wa folda mpya 0770. Programu kama Word hulifanya jambo hili kuwa la lazima zaidi, kwa sababu inapohifadhi haiandiki juu ya faili la zamani, bali huunda faili jipya la muda, hulifuta au kulihamisha lile la zamani, kisha hulipa jipya jina lile lile, na kwa hiyo waraka mmoja hubadilisha mwenyewe kila unapopita mkononi mwa mtu mwingine.

Njia ya mkato inayotumiwa na mafundi wenye haraka ni kuipa folda ruhusa ya 777, yaani kila mtu kila kitu. Malalamiko hukoma siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu ya umaarufu wake, lakini kilichofanyika ni kumwondoa bawabu mmoja na kumwachia kazi yote yule aliyebaki, ambaye mara nyingi hata hakuwahi kuelekezwa vizuri.

Lipo jambo jingine ambalo huwashangaza waliolelewa na Windows. Katika Unix ruhusa ya kufuta faili haimo kwenye faili bali kwenye folda inayolibeba, kwa kuwa kufuta ni kuondoa jina katika orodha ya folda hiyo. Mtu asiyeweza kubadilisha hata nukta moja katika mkataba anaweza kuufuta wote, mradi ana haki ya kuandika katika folda ulimo. Kwa folda zinazotumiwa na wengi, Samba ina nyongeza inayoitwa recycle, ambayo huhamishia kilichofutwa kwenye folda ya pembeni badala ya kukitupa, na ni vigumu kuona kwa nini ofisi yoyote iikose. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo ni ndogo kuliko inavyosimuliwa: Unix huona Mkataba na mkataba kuwa mafaili mawili, Windows huona moja, Samba husuluhisha kimya kimya, na tatizo hubaki tu pale mtu anapounda yote mawili akiwa upande wa Unix.

Printa ina historia yake katika dunia hii, na si ya pembeni. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman wa maabara ya akili unde ya chuo cha MIT alikuwa amezoea kurekebisha programu za printa ili ziwaarifu watumiaji karatasi inapokwama, lakini ilipoletwa printa mpya ya leza kutoka Xerox alinyimwa maandishi ya programu yake, na kisa hicho ni miongoni mwa yaliyomsukuma kuanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, ambao leseni yake ya programu huria ndiyo inayoitawala Samba hadi leo. CUPS ilikuja baadaye, kazi ya Michael Sweet aliyeianza mwaka 1997, na Apple iliiingiza katika Mac OS X mwaka 2002 kabla ya kuinunua mwaka 2007. CUPS hupokea kazi za kuchapa, huzipanga foleni, huzigeuza ziwe katika lugha ambayo printa inaielewa na kuzituma moja moja, na husimamiwa kupitia kurasa zinazofunguliwa kwa kivinjari kwenye lango namba 631, lango likiwa ni namba inayoitambulisha huduma moja kati ya nyingi za mashine ile ile.

Kwa muda mrefu ilizoeleka kwamba Samba izitangaze printa za CUPS kwa Windows, na hata iwagawie watumiaji viendeshi, yaani programu zinazoifundisha kompyuta kuzungumza na printa fulani. Utaratibu huo umekuwa mgumu tangu mwaka 2021, pale udhaifu mkubwa uliopewa jina la PrintNightmare ulipoifanya Microsoft kuwazuia watumiaji wa kawaida wasisakinishe viendeshi vinavyotoka kwenye seva. Kwa ofisi inayoanza leo ni nafuu kuiacha Samba ishughulike na mafaili tu, na kuziunganisha kompyuta za Windows moja kwa moja na CUPS kwa itifaki ya IPP, ambayo Windows inaijua pia, na ambayo printa nyingi za miaka ya karibuni huielewa bila kiendeshi maalumu.

Foleni nayo ina tabia inayofaa kujulikana mapema. Printa ikizimwa au waya ukichomoka, CUPS, kulingana na ilivyopangwa, ama hujaribu tena baada ya muda ama huisimamisha foleni nzima mpaka msimamizi aifungue kwa amri ya cupsenable. Wakati huo kompyuta ya mtumiaji huendelea kusema kwamba kazi imepokelewa, naye asipoona karatasi hubofya tena, na tena, hadi foleni itakapofunguliwa na barua moja ya likizo kutoka nakala saba huku wengine wakisubiri. Sera ya kujaribu tena huepusha mengi ya hayo.

Kuhusu usalama, tukio la kukumbukwa ni la Mei 2017, pale virusi vya WannaCry vilipoenea duniani kwa kupenya udhaifu wa toleo la kwanza la SMB katika Windows, vikafunga mafaili na kudai fidia, na kuvuruga hata hospitali za umma nchini Uingereza, ilhali kiraka kilikuwa kimekwisha kutolewa Machi. Mwezi huo huo wa Mei Samba nayo ilitangaza udhaifu wake, uliokuwemo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2010, ambao ulimwezesha mtu mwenye haki ya kuandika katika folda apakie humo programu na kuifanya seva iiendeshe. Haki ya kuandika iliyotolewa kiholela ikageuka ufunguo wa mashine nzima. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 Samba huja ikiwa imeizima SMB ya kwanza, na wanaoiwasha tena huwa wanafanya hivyo kwa ajili ya mashine kuukuu ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda, jambo ambalo ni heri litatuliwe kwa kubadilisha mashine hiyo. Lango namba 445, ambalo SMB hulitumia, halipaswi kamwe kufikika kutoka intaneti. Hata hivyo virusi vya fidia vikiingia katika kompyuta ya mhasibu havihitaji udhaifu wowote kwenye seva, kwa sababu vitaandika juu ya mafaili kwa ruhusa halali ya mhasibu mwenyewe, na dawa pekee ni nakala rudufu iliyoko mahali ambapo hakuna mtumiaji wa kawaida anayeweza kuandika. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva hazihesabiki kuwa nakala, maana kinachofutwa kwenye moja hufutwa kwenye nyingine papo hapo.

Mfanyakazi anapoacha kazi, hatua za kumwondoa nazo ni mbili, na ya pili ndiyo isahaulikayo. Akaunti yake ya Samba huzimwa kwa smbpasswd, lakini ile ya Unix hubaki, na kama alikuwa na njia nyingine ya kuingia kwenye seva bado anayo. Kuifuta akaunti ya Unix bila kuyashughulikia mafaili yake huleta balaa jingine, kwa kuwa diski haihifadhi jina la mwenye faili bali namba yake: jina likifutwa, mafaili hubaki mikononi mwa namba isiyo na mtu, na mfumo ukija kumpa mwajiriwa mpya namba hiyo hiyo, ataingia kazini siku ya kwanza akiwa mmiliki halali wa kila alichokiacha mtangulizi wake. Msimamizi mwangalifu kwanza huyakabidhi mafaili kwa mtumiaji mwingine, kisha huifunga akaunti bila kuifuta, na namba yake haigawi tena.